Vidonge vya Rangi Mbili

Dukani, 3 Februari 1996

Kaka, Bwana Sahani,

Salamu nazimaliza kwa mstari mmoja, maana dereva wa basi la asubuhi ameshawasha gari na mimi bado naandika: tupo, paa la jikoni halivuji tena, na mdogo wako anauza dawa bila kukonda. Wewe je? Hizo sahani zako za vimelea bado zinakutoa jasho kuliko mke ambaye hujaoa?

Nina mteja ananiumiza kichwa. Ni mama wa makamo. Mwezi wa kumi na mbili alijikwaruza kisigino cha mguu wa kushoto kwa ncha ya bati, akapuuza, kikawa kidonda. Nilianza kumpa rangi mbili, yaani tetrasaiklini, maana hapa dukani mtu akisema rangi mbili ndiyo hiyo anayoitaka. Alimeza siku tatu, kidonda kikanyauka, akaacha. Kikarudi. Nikampa kotrimoksazoli siku tano, kikatulia, akaacha, kikarudi. Nikampa erithromaisini, siku ya nne tumbo likamvuruga, akasusa. Sasa kinatoa usaha na harufu, na mguu umevimba mpaka kifundoni. Muuguzi wa zahanati anamsafisha na kumfunga bandeji, naye anasema apelekwe hospitali kubwa. Mteja hataki hata kulisikia hilo neno.

Nimetumia moja ya zile pamba za ndani ya bomba ulizoniachia mwaka jana. Nimegusa usaha wa chini kabisa kama ulivyonifundisha, siyo ule wa juu. Bomba liko ndani ya kopo la maziwa ya unga, nimelizungushia magazeti. Otesha, uniambie ni mdudu gani na anakufa kwa nini. Kwenye lebo nimeandika Mteja Namba Moja, maana hataki jina lake lizunguke.

Ningepiga simu, ila nimeambiwa simu ya ofisini kwenu ni ya dharura tu. Jibu kwa dereva huyuhuyu.

Mdogo wako,
Mama Vidonge

*

Siku hiyohiyo, mchana
(Haikutumwa)

Kaka,

Basi limeondoka na sasa ndiyo naandika ya kweli. Mteja Namba Moja ni Mama.

Ameniapisha. Alinishika mkono akauweka juu ya kichwa chake, akasema: "Kaka yako aliacha chuo mwaka mzima kumuuguza baba yenu, na baba yenu akaondoka vilevile. Leo amerudi kusoma, nimwite tena kwa ajili ya kisigino? Akijua kabla ya mtihani wake wa tarehe ishirini na sita, wewe si mwanangu." Unamjua Mama. Akishasema wewe si mwanangu, hata chai hakumiminii.

Nimemtibu kwa kubahatisha. Huo ndio ukweli. Kila asubuhi ananiambia hajambo, na kila nikifungua bandeji naona uongo wake. Naogopa, Kaka. Ninauza dawa tangu nina miaka kumi na tisa, na mtu wa kwanza ninayemtaka apone kuliko wote ndiye anayenishinda.

Barua hii nitakupa mkononi ukishafanya mtihani wako. Unitukane utakavyo, nitakusikiliza.

*

Maabara, 9 Februari 1996

Mama Vidonge, mkata dozi,

Kopo limefika salama na mdudu wako ameota kama amepaliliwa. Ni stafilokokasi, mpangaji wa kawaida wa ngozi zetu. Anakaa kimya miaka mingi, akipata mwanya anaingia ndani.

Hebu nikuonyeshe nilichokiona, kama vile umesimama hapa mezani kwangu. Tunampaka mdudu kwenye sahani nzima, kisha juu yake tunapanga vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Tunaiacha kwenye joto kama la mwili. Kesho yake dawa inayomweza ina duara safi limeizunguka, hapajaota kitu. Dawa isiyomweza, mdudu amejaa mpaka ukingoni mwa karatasi. Tetrasaiklini: amejaa mpaka ukingoni. Kotrimoksazoli: mpaka ukingoni. Erithromaisini: duara jembamba la kutia aibu. Ni zilezile tatu mlizompa nusunusu, wewe na huyo mama yako wa makamo. Sikugombezi. Au basi, nakugombeza.

Huko mnaziita dawa kwa rangi, kama vile mnanunua kanga. Rangi haikuambii kitu. Cha kuuliza ni dawa inampiga mdudu wapi. Mdudu huyu ana ukuta nje ya mwili wake, sisi hatuna. Penisilini na ndugu zake wote, ampisilini, amoksilini, kloksasilini, zinamvurugia ujenzi wa huo ukuta. Akitaka kujigawa, ukuta haufungi, anapasuka. Ndiyo maana ni dawa zenye huruma, zinapiga kitu ambacho mgonjwa mwenyewe hana. Isipokuwa wako wachache ambao miili yao inazikataa, na hao hawatakiwi kuonja hata chembe.

Tetrasaiklini na erithromaisini hazigusi ukuta. Zinaingia ndani, kwenye karakana anakotengenezea protini, zinasimamisha kazi. Mara nyingi hazimuui, zinamduwaza tu, na kinga ya mwili ndiyo inayommaliza. Ukiacha siku ya tatu umemwacha ameduwaa, akiamka anaamka na hasira, na waliobaki ni wale wabishi. Kotrimoksazoli yenyewe inamzibia njia ya kujitengenezea folati, vitamini anayoihitaji ili akue, anadumaa. Jentamaisini inaingia karakana ileile lakini inaharibu mashine kabisa, anakufa. Ila ni sindano, na usipoipima vizuri inaondoka na figo na masikio ya mgonjwa. Kloramfenikoli ina nguvu, lakini mara mojamoja inakausha uboho wa mifupa usitengeneze damu tena. Hiyo tunaiwekea mambo mazito. Siprofloksasini inamzuia asifumue uzi wake wa urithi, yaani DNA, anapotaka kuzaana. Nzuri kwa wadudu wa mkojo na wa tumbo. Nikisikia umemuuzia mtu wa mafua nitapanda basi nije kukufunga mimi mwenyewe, maana mafua ni virusi, havina ukuta wala karakana, na hakuna hata moja kati ya hizi inayovigusa.

Kwa mdudu wako, kloksasilini na jentamaisini zimetoa duara pana. Kabla sijakuambia umpe ipi nataka kujua: ana umri gani? Ana kisukari? Anapata homa? Anakojoa vizuri? Usinijibu kwa kukisia.

Mwambie Mama mtihani ni palepale, tarehe ishirini na sita. Nikifaulu nitaongoza meza yangu mwenyewe, sitakuwa tena mtu wa kuosha sahani za wenzangu. Mbona haandiki?

Kaka yako,
Bwana Sahani

*

Nyumbani, 14 Februari 1996

Mwanangu, baba yangu,

Anaandika mdogo wako kwa sababu miwani yangu imekatika mkono. Maneno ni yangu.

Mimi sijambo. Nakula, nalala, nagombana na majirani, kila kitu kiko sawa. Siku hizi sitoki sana kwa sababu ya jua. Nimesikia umeuliza mbona siandiki. Siandiki kwa sababu wewe unasoma, na mtu anayesoma hapigiwi kelele.

Kula vizuri. Usile mkate na chai siku nzima, tumbo likiwa tupu kichwa nacho kinakuwa tupu. Usinitumie kitu. Usije. Ukija kabla ya hiyo tarehe nitakufungia mlango ulale na kuku, na jogoo mwenyewe unamjua.

Baba yako angekuwepo angepita kila nyumba akitangaza mtihani wako hata kabla hujaufanya. Mimi nitatangaza, ila nasubiri majibu kwanza, sitaki kuchekwa.

Huyu anayeandika amenikodolea macho, ana lake anataka kuliongeza. Nimemkataza.

Mama yako

*

Siku hiyohiyo, ndani ya bahasha hiyohiyo

Kaka,

Haya ndiyo majibu yako. Mteja ana miaka hamsini na nane. Kisukari anacho, na vidonge vyake anavimeza siku anazokumbuka. Homa inamjia kila jioni. Mkojo anasema ni kawaida, ila yeye kila kitu anasema ni kawaida. Ana watoto wawili. Mmoja yuko mbali, hataki aambiwe.

Tafadhali jibu upesi. Muuguzi anasema wekundu umepanda vidole viwili juu ya kifundo tangu Jumapili.

Mdogo wako

*

Maabara, 18 Februari 1996

Mdogo wangu,

Nimepata bahasha. Mwambie Mama nimefurahi kumsikia, na nitakula.

Kuhusu mteja wako. Jentamaisini sitaki. Mwenye kisukari wa umri huo, figo zake hazijapimwa, kumchoma sindano hiyo nyumbani ni kucheza na maisha yake. Kloramfenikoli pia hapana. Iliyobaki ni kloksasilini. Ni ndugu wa penisilini, lakini hawa stafilokokasi wengi wana kimeng'enya cha kuikatakata penisilini ya kawaida, na hii imetengenezwa isikatike. Mpe kapsuli ya miligramu mia tano kila baada ya saa sita, tumbo likiwa tupu, siku kumi kamili. Kapsuli arobaini. Mpe zote arobaini kwa mkupuo mmoja wa manunuzi, usimgawie nusunusu, na mwambie hata kidonda kikikauka siku ya nne aendelee mpaka ya mwisho.

Muulize kwanza kama kuna kidonge chochote kilichowahi kumvimbisha au kumbana pumzi.

Asipopata nafuu ndani ya siku tatu, au homa ikipanda, aende hospitali hata kwa kubebwa, atake asitake.

Sitaandika tena mpaka mtihani upite. Nina mengi ya kupitia.

Kaka yako

*

SIMU YA MAANDISHI
22 FEBRUARI 1996
MAMA HALI MBAYA NJOO HARAKA

*

Nyumbani, 17 Machi 1996

Kaka,

Ulipopokea ile simu Mama alikuwa ameshafariki. Nilisimama dirishani posta, karani akaniuliza niandike nini, nikashindwa kulitamka. Yeye ndiye aliyeandika hali mbaya. Nadhani ameshawaandikia wengi.

Tulipomzika uliniuliza mara moja tu, ilikuwaje, nikakujibu moyo ulisimama. Ukatikisa kichwa. Kesho yake ukaondoka. Watu walisema amekimbilia mtihani, nikawajibu Mama ndiye aliyetaka hivyo, na ni kweli ndivyo alivyotaka. Lakini nilikuangalia unapanda basi nikaumia, maana nilikuwa nimejipa moyo kwamba siku ile nitakuambia.

Nakuambia sasa. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe tatu Februari ambayo sikuituma. Isome kwanza, kisha uendelee hapa.

Umeisoma. Basi, barua yako ya kloksasilini ilifika jioni ya tarehe ishirini na moja. Dawa nilikuwa nayo kwenye rafu ya juu. Asubuhi nilimwamsha Mama kabla hajanywa chai. Nikamuuliza kama ulivyoniagiza: Mama, kuna kidonge kilichowahi kukuvimbisha au kukubana pumzi? Akasema hakuna. Nikarudia, Mama, fikiri vizuri. Akakitazama kile kidonge mkononi mwangu, nusu kahawia na nusu cheusi, akacheka. Akasema, "Mimi rangi mbili nimezimeza tangu hujazaliwa, leo ndiyo unaniuliza?" Akameza, amekaa kwenye kigoda, mlangoni pa jikoni.

Kabla maji ya chai hayajachemka akaanza kujikuna viganja. Halafu midomo. Halafu sauti ikawa nyembamba, siyo yake. Akanishika gauni akasema, "Mbona kama ile sindano?"

Nikamuuliza sindano gani. Hakuweza kujibu tena. Nilikimbia zahanati bila viatu. Muuguzi alikuja anakimbia, akamchoma adrenalini mara mbili. Tulichelewa.

Siku ya tatu ya msiba mama mdogo ndiye aliyenieleza. Kwamba ulipokuwa na miaka tisa Mama alichomwa sindano ya penisilini kwa ajili ya jipu, akavimba uso wote, akazimia, wakamwagia maji wakidhani amekufa. Kwamba wewe ulikuwepo. Kwamba ulipoanza kazi ya maabara ulimkalisha Mama ukamwambia asikubali kuchomwa penisilini maisha yake yote. Naye hakukubali. Miaka yote hiyo hakukubali. Hakujua tu kwamba penisilini ina ndugu anayekaa kwenye kapsuli. Kwake yeye penisilini ilikuwa sindano, na nilichoshika mimi kilikuwa kidonge.

Mimi nilijua ni ndugu, uliniandikia. Lakini nilimuuliza kuhusu vidonge, sikumuuliza kuhusu sindano. Neno penisilini sikulitaja kabisa. Ningelitaja angeruka pale alipokaa.

Na kama ningekuambia ni Mama, wewe ungejua. Usingehitaji kumuuliza mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilikula kiapo kwa Mama, na kiapo hicho ndicho nilichomuua nacho. Nilijaribu kukwepa kidogo. Kiapo kilinikataza kusema, hakikunikataza kudokeza. Miaka yake, kisukari chake, watoto wawili, mmoja yuko mbali. Niliandika makusudi. Nilikuwa nakuomba ukisie. Hukukisia, na si kosa lako, ulikuwa na mtihani.

Watu wote wanadhani ni kisukari. Muuguzi anajua ukweli, amenyamaza kwa huruma. Duka nimelifunga. Sitauza hata dawa ya minyoo tena. Usiniambie nilifungue.

Nakuuliza kitu kimoja tu. Kwenye barua yako ile ya tarehe kumi na nane, pale baada ya swali la kidonge, kuna mstari umeukata ukaupaka wino mpaka karatasi ikatoboka. Nimeuinua kwenye mwanga mara nyingi, siusomi. Ulikuwa unasema nini?

Mdogo wako

*

Maabara, 28 Machi 1996

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa nami siku nane. Nimeanza kujibu nikachana, nimeanza tena nikachana. Hii nitaimaliza hata ikitoka vibaya.

Mstari ule ulisema: "Na muulize kama amewahi kuchomwa sindano ya penisilini ikamdhuru."

Sasa nikuambie kwa nini niliukata.

Bahasha yenu ilifika asubuhi, nikaifungulia hapa mezani. Nilisoma ya Mama kwanza, nikacheka peke yangu, pale kwenye kuku. Kisha nikasoma ya kwako. Miaka hamsini na nane. Kisukari, vidonge siku anazokumbuka. Nikasimama. Nikarudi kwenye ya Mama: siku hizi sitoki sana kwa sababu ya jua. Mama, ambaye hajawahi kuliogopa jua tangu nimjue. Watoto wawili. Mdogo wangu, usiseme sikukisia.

Nilijiambia wako kina mama wengi wa umri huo. Nilijiambia ingekuwa ni yeye ungesema. Nilijiambia hivyo nikijua kabisa najidanganya, kwa sababu nikikuuliza "je, ni Mama?" na wewe ukanijibu ndiyo, ningelazimika kuja. Na nisingeweza kuomba ruhusa mara ya pili. Mwaka ule wa Baba chuoni walinisubiri, wakaniambia wazi kwamba hawatasubiri tena. Zilikuwa zimebaki siku nane. Nikapiga hesabu ya aibu: dawa ni siku kumi, mtihani ni siku nane, atakuwa ameshaanza kupata nafuu, nitakuja na cheti na tutacheka wote. Nilichagua kutojua.

Lakini mkono uliandika wenyewe. Niliandika swali la sindano bila kufikiri, na nilipolisoma nikamwona Mama amelala kwenye mkeka, uso umevimba hauna macho, na mimi nimesimama mlangoni nina miaka tisa nikilia. Nikaelewa kwamba hilo si swali la mteja. Ni swali la Mama. Nikiliacha pale nitakuwa nimekiri kwamba najua ninamwandikia nani dawa, na wewe ungeliona, ungejua kwamba najua. Basi nikalikata. Nikalipaka wino. Nikajituliza kwamba swali la kidonge linatosha, na kwamba kama ni yeye, atasema mwenyewe.

Umeniandikia kwamba kiapo ndicho kilichomuua. Umeniandikia kwamba hukutaja penisilini. Wewe uliuliza swali nililokupa, neno kwa neno. Lililokosekana nilikuwa nimelishika mimi, nikalifuta kwa mkono wangu.

Na kuna jingine. Miaka ile nilipomwambia Mama asikubali penisilini, nilimwambia yeye peke yake. Wewe ukafungua duka la dawa, ukawa ndiye unayempa kila anachomeza, na sikuwahi kukuambia. Kila nikija nyumbani nilikufundisha habari za pamba na usaha, nikajisikia mwalimu. Hilo moja halikunijia kichwani.

Uliponiambia moyo ulisimama, nilikuwa nimeshajua. Asubuhi niliyofika niliingia jikoni kutafuta maji. Juu ya dirisha kulikuwa na pakiti ya kapsuli. Nilizihesabu. Zilikuwa thelathini na tisa.

Nikairudisha palepale, nikatoka nje kukaa na wanaume wengine. Ndiyo maana sikukuuliza mara ya pili. Ndiyo maana niliondoka kesho yake, na siyo kwa ajili ya mtihani. Sikuweza kukutazama ukijilaumu huku nikinyamaza, na sikuwa na ujasiri wa kusema. Nilikuacha peke yako na maneno ya watu.

Mtihani niliufanya. Majibu yametoka. Nimefaulu, tena vizuri. Sijamwambia mtu, na hakuna wa kumwambia.

Sitakuambia ufungue duka. Sina haki ya kukuambia kitu chochote. Lakini ukimwambia mtu yeyote ilivyokuwa, mama mdogo, muuguzi, au majirani, waambie yote pamoja na ya kwangu. Usibaki umeibeba peke yako ili mimi niheshimike.

Nina likizo kuanzia tarehe kumi na moja. Ukikubali nitakuja. Usipojibu, nitaelewa.

Kaka yako

*

Nyumbani, 6 Aprili 1996

Kaka,

Nimekukasirikia. Kwa siku mbili sikuweza hata kuiona hiyo bahasha, niliifunika na sinia. Nilikuwa nimeshazoea kujichukia, na kujichukia kulikuwa kunanitosha. Sasa umenipa na wewe wa kukuchukia, na siwezi kuwamudu wote wawili kwa wakati mmoja.

Nilimwita mama mdogo, nikamsomea barua zote. Ya kwangu na ya kwako. Alilia sana. Alipomaliza akaniuliza swali moja, kama wewe unakula. Nikasema sijui.

Sijui kama nimekusamehe. Ukiniuliza leo nitasema hapana, na ukiniuliza baada ya saa moja sijui nitasema nini. Wewe nawe huenda hujanisamehe, ila unaona haya kusema, kwa sababu umejitwisha kosa kubwa zaidi. Useme tu. Mimi ndiye niliyempa, kwa mkono huu, na akacheka.

Duka bado limefungwa. Watu wanagonga dirisha, nawaambia sina dawa, na wanaona rafu zimejaa.

Nyumba hii inanishinda. Jioni napika chakula cha watu wawili, kisha nakaa nakitazama. Nimejaribu kupunguza kipimo, mkono haukubali.

Njoo tarehe kumi na moja. Sitaki barua nyingine. Yote uliyoandika, kaa mbele yangu uyaseme kwa mdomo, na mimi niseme ya kwangu, na kama ni kupigana tupigane kama tulivyokuwa watoto, pasiwe na mtu wa kutuamulia. Kisha tulale humu ndani, wewe chumba chako na mimi changu, nisikie mtu mwingine anakohoa upande wa pili wa ukuta.

Nimebaki na wewe tu.

Mdogo wako